Disdéri na karti isiyobeba jina lake

Sisi tunaosoma isimu hupenda kuuliza neno limetoka wapi. Neno la Kifaransa *carte de visite* ndilo lililonifikisha kwa André-Adolphe-Eugène Disdéri, mpiga picha aliyezaliwa Paris mwaka 1819.

Mwishoni mwa miaka ya 1840 alikuwa mjini Brest, ambako alifungua studio pamoja na mkewe, Geneviève-Élisabeth. Disdéri alipouhama mji, mkewe alibaki na kuiendesha studio hiyo. Kwa hiyo huyu mama naye ni miongoni mwa wanawake wa kwanza Ufaransa kuishi kwa kazi ya picha.

Disdéri alifika Paris na kukuta picha ya mtu ni kitu cha matajiri: kioo kimoja chenye dawa kilitoa sura moja tu. Yeye akatumia kamera ya lenzi kadhaa, na kioo kimoja kikabeba picha ndogo 8. Zilichapwa pamoja kwenye karatasi, zikakatwa, kisha kila moja ikagandishwa juu ya karti ngumu, ndogo kama ile ambayo mgeni huacha mlangoni ikiwa na jina lake. Tarehe 27 Novemba 1854 aliandikisha uvumbuzi huo serikalini.

Bei ikashuka. Mwenye duka naye akaweza kukaa mbele ya kamera kama mkubwa. Watu walibadilishana karti, wakanunua za Napoléon III na za waigizaji, wakazipanga katika albamu pamoja na za ndugu zao. Disdéri akatajirika.

Lakini mbinu yenyewe ilikuwa rahisi kuigwa, na hati ya serikali haikuwazuia wenzake. Studio zikawa nyingi, utajiri ukamponyoka. Alifariki Paris mwaka 1889, akiwa maskini.

Daguerre, aliyemtangulia, jina lake limo ndani ya neno dagereotipi. La Disdéri halimo katika neno lolote, kwa kuwa watu walikiita kitu chake kwa kukilinganisha na karti waliyoizoea. Naona hapo kuna somo kwetu tunaounda istilahi za lugha zetu: ofisi yaweza kumwandikia mtu haki ya kitu, lakini neno hupewa kibali na wasemaji. Tusipowasikiliza wao kwanza, orodha zetu zitabaki kabatini.