Bilharz: Daktari aliyemgundua mnyoo wa kichocho

KUANZIA mitaa ya Mji Mkongwe hadi vijito vya Kinyasini na Chaani, kaskazini mwa Unguja, kichocho ni ugonjwa unaofahamika vyema. Wataalamu huuita pia bilharzia, lakini si wengi wanaotambua kuwa hilo ni jina la mtu.

Theodor Bilharz alizaliwa Machi 23, 1825 katika mji wa Sigmaringen, kusini mwa Ujerumani. Alisomea udaktari katika vyuo vikuu vya Freiburg na Tübingen, na miongoni mwa walimu wake walikuwamo mtaalamu wa wanyama, Theodor von Siebold, na daktari Wilhelm Griesinger.

Mwaka 1850 Griesinger alikwenda Misri kusimamia huduma za tiba za serikali ya nchi hiyo, akamchukua kijana huyo kuwa msaidizi wake. Zanzibar ilikuwa bado chini ya Sayyid Said bin Sultan wakati Bilharz alipoanza kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Cairo.

Kukojoa damu lilikuwa jambo la kawaida miongoni mwa wakazi wa Bonde la Nile. Hata askari wa Napoleon walioivamia Misri mwishoni mwa karne ya 18 walipatwa na hali hiyo. Chanzo chake, hata hivyo, hakikuwa kimejulikana.

Mwaka 1851, Bilharz akiwa na umri wa miaka 26, alikuta minyoo ndani ya mshipa unaopeleka damu kwenye ini alipokuwa akipasua maiti kwa uchunguzi. Kwa msaada wa hadubini alibaini jambo lisilo la kawaida: mnyoo dume ana mfereji mwilini mwake, na jike huishi ndani ya mfereji huo.

Alimwandikia Siebold barua kumweleza aliyoyaona, na barua hizo zikachapishwa Ujerumani. Muda mfupi baadaye alionyesha kuwa minyoo hiyo na mayai yake ndivyo vinavyohusika na maradhi ya kibofu na mkojo wenye damu.

Griesinger alirejea Ulaya, lakini Bilharz alibaki Cairo na kupanda hadi kuwa profesa wa elimu ya viungo vya mwili. Wanasayansi wenzake walianza kumwita mnyoo huyo kwa jina lake angali hai.

Mwaka 1862 aliandamana na msafara wa Mtawala Ernst wa Pili wa Saxe-Coburg-Gotha hadi Massawa, katika pwani ya Bahari ya Shamu. Huko aliambukizwa homa kali ya taifasi, akafariki dunia Cairo Mei 9 mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 37 tu.

Alikufa bila kujua jinsi mnyoo wake anavyoingia katika mwili wa binadamu. Jibu lilipatikana mwaka 1915, pale Mwingereza Robert Leiper alipothibitisha nchini Misri kuwa vimelea hukulia kwanza ndani ya konokono wa maji baridi, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, kufua au kulima majini.

Lipo pia jambo jingine lililochelewa kutambuliwa. Mayai ya mnyoo huyo hayakomei kwenye kibofu, bali kwa wanawake hujikita pia katika uke na shingo ya kizazi. Daktari Frank Madden aliripoti mgonjwa wa aina hiyo kutoka Cairo mwaka 1899, lakini kwa miongo mingi suala hilo halikupewa uzito.

Matokeo yake yamekuwa machungu. Mwanamke mwenye maumivu, uchafu ukeni au damu baada ya tendo la ndoa hudhaniwa kuwa na ugonjwa wa zinaa. Hupewa dawa zisizomfaa, na wakati mwingine hutiliwa shaka nyumbani kwake, ilhali maradhi aliyapata kijitoni alipokuwa mtoto. Kichocho hakiambukizwi kwa kujamiiana.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wanaishi na hali hiyo, wengi wao Afrika. Utafiti umeonyesha pia kuwa vidonda hivyo huweza kuongeza hatari ya kuambukizwa Virusi vya Ukimwi, na vinaweza kusababisha ugumba.

Dawa ya prazikwanteli, iliyobuniwa katika miaka ya 1970, huua minyoo iliyokomaa. Hata hivyo, makovu ya zamani huweza kubaki, ndiyo maana kumtibu mtoto mapema ni muhimu.

Visiwa vya Unguja na Pemba vimekuwa mfano katika mapambano hayo. Kati ya mwaka 2012 na 2017, Wizara ya Afya ya Zanzibar na washirika wake waligawa dawa shuleni na katika jamii, na katika baadhi ya maeneo wakaangamiza konokono na kutoa elimu. Maambukizi yalipungua sana, ingawa hayakutokomezwa kabisa.

Bilharz alionyesha kuwa mkojo wa damu haukuwa maumbile ya watu wa Nile, bali kazi ya mnyoo. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, wapo wanawake ambao bado wanasubiri ukweli huohuo uelezwe kuhusu maradhi yao.