Ibrahim Pasha na Jumba Lake la Istanbul

Msafiri atokaye katika msikiti wa Sultan Ahmed mjini Istanbul huliona ng'ambo ya uwanja jumba kuukuu la mawe. Tangu 1983 humo ndimo mlimo Makumbusho ya Sanaa za Kituruki na Kiislamu: mazulia ya Ushak, kurasa za misahafu ya kale zilizotoka Sham, na hati zilizoandikwa kwa mkono hata jicho halishibi. Lakini mwenye jumba alikuwa nani?

Alikuwa mtumwa. Ibrahim alizaliwa Parga, pwani ya Ugiriki, kwa wazazi wa Kikristo. Alitekwa angali kijana, akasilimu, akawa mwandani wa Suleiman kabla huyo hajatawala. Mwaka 1523 Sultani Suleiman alimfanya Waziri Mkuu, akawaruka mawaziri wazee waliokuwa wakingoja zamu. Harusi yake ya 1524 ilisherehekewa uwanjani hapo kwa siku nyingi. Mwaka 1525 alikwenda Misri kutengeneza utawala, na 1526 alikuwako Mohacs Wahangaria waliposhindwa.

Kutoka Buda alileta masanamu ya shaba, akayasimamisha mbele ya jumba. Waislamu wa mji walinung'unika, na si ajabu. Mshairi Figani alishtakiwa kwa beti za kumlinganisha na Nabii Ibrahim aliyeyavunja masanamu. Akauawa mwaka 1532.

Vita vya Iran, ambamo Baghdad ilitwaliwa mwaka 1534, ndivyo vilivyommaliza. Huko Ibrahim alijiongezea neno sultani katika cheo chake cha uamiri jeshi. Wengi humlaumu Hurrem, mke wa Suleiman, kwa fitina. Huenda, lakini kwa maoni yetu neno lile lilitosha: fahali wawili hawakai zizi moja.

Usiku mmoja wa Ramadhani, Machi 1536, aliitwa kasri ya Topkapi kwa bwana wake, kama ilivyokuwa desturi yao. Kulipokucha alikuwa maiti, amenyongwa. Aliyekuwa akiitwa Makbul, yaani aliyekubaliwa, akaitwa Maktul, aliyeuawa. Ajuaye hati za Kiarabu ataona kwamba tofauti ni nukta tu: moja ya chini imeondolewa, mbili zimetiwa juu.

Mali yake ilitwaliwa na hazina, na masanamu yakaondolewa. Jumba likawa chuo cha vijana wa kasri, baadaye kambi ya askari, tena jela, miaka mingi kabla ya mazulia kuletwa.