Siku 80 za Livingstone kibandani

Mpenzi msomaji wa Magoma, tuseme umejikata mguu na jembe, au umechomwa na mwiba wa mkonge. Wiki ya pili tu unataka kupanda milima kwenda kuwaona ndugu zako Lushoto. Kidonda kimekauka juu, nawe unasema kilichobaki kitapona njiani. Kabla hujafunga safari, sikia habari za mtu uliyefundishwa shuleni, pengine bila kuambiwa lolote kuhusu miguu yake.

David Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, mwaka 1813. Akiwa na miaka 10 alikuwa kibarua wa kiwanda cha pamba, akisoma usiku, na mwaka 1840 alihitimu udaktari Glasgow. Kwa hiyo vidonda alivijua. Mwaka 1844, kusini mwa Afrika, simba alimvunja mkono wa kushoto nao haukuunga sawasawa, lakini aliendelea kutembea. Alilivuka bara hili kutoka Luanda hadi Quelimane. Miguu ndiyo iliyokuwa mtaji wake.

Safari yake ya mwisho ilianza mwaka 1866. Januari 1867 wapagazi walitoroka na sanduku la dawa, na tangu hapo akawa daktari asiye na dawa. Mwaka 1869 nimonia ilimwangusha, na mfanyabiashara Mohamad Bogharib akaamuru abebwe hadi Ujiji. Julai mwaka huohuo akaondoka tena kuelekea Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo ya leo.

Juni 1870 alitoka Mamohela na vijana watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Njia ilikuwa tope na vijito, miguu haikauki. Ngozi ikachubuka. Zamani michubuko ya namna hiyo ilikuwa ikipona huku anatembea, na nadhani mazoea hayo ndiyo yaliyomponza. Safari hii vidonda viliota miguu yote miwili vikawa vinakula nyama. Julai 22 alirudi Bambare akichechemea, akaingia kibandani, akakaa humo siku 80. Kila akikanyaga chini, maji yenye damu yalitoka, na usiku maumivu hayakumpa usingizi. Alijaribu dawa nyingi. Iliyomsaidia kidogo ni jiwe la kijani la shaba, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya.

Nisikilize hapa, mzazi. Usiende kutafuta jiwe hilo. Mtoto akichubuka ugoko wakati wa mvua, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, mpeleke zahanati, na uliza kama chanjo yake ya pepopunda imekamilika. Donda ndugu mara nyingi huanza na mkwaruzo ambao hakuna aliyeujali, hasa kwa mtoto asiyekula vizuri.

Kwa nini kulala kulimfaa? Nyama changa inayoota ndani ya kidonda ni laini. Kila hatua huichana upya. Mguu unaoning'inia nao hujaa maji, ukavimba, na kidonda kikakosa damu ya kutosha. Ndiyo maana muuguzi hukuambia uuinue juu ya mto.

Livingstone aliona ushahidi mwingine, wa kutisha. Watumwa waliokuwa wakiswagwa kutoka Manyema walikuwa na vidonda vilevile, na vilio vyao vilisikika usiku kambini. Vilikula mpaka mfupa. Wengi walibaki viwete au walikufa. Yeye alikuwa na kibanda na watu wa kumhudumia. Wao walikuwa na amri ya kutembea.

Oktoba alitoka nje kwa mara ya kwanza. Lakini hakuondoka, kwa kuwa wapagazi aliowasubiri kutoka pwani walifika Februari 1871, na Februari 16 ndipo aliposhika njia. Ucheleweshaji huo ulimkera sana. Mimi naona huenda ndio uliomwokoa miguu. Mwisho wa Machi alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, na Oktoba alirudi Ujiji kwa miguu, ambako Stanley alimkuta.

Wewe pengine hutahitaji siku 80. Ila subiri ngozi ifunge kabisa, si ukoko tu. Anza na njia tambarare za bondeni, nusu saa hivi, kisha tazama mguu jioni: ukivimba, ukiwa mwekundu au ukitoa maji, rudi kupumzika na umwone mhudumu wa afya. Mlima baadaye, tena uwe mwangalifu zaidi unaposhuka, maana vidole husukumwa mbele ndani ya kiatu. Mwenye kisukari asingoje maumivu, kwa sababu mguu wake unaweza kuoza bila kumuuma. Aende kliniki kwa kidonda chochote.

Kilichomuua Livingstone ni tumbo na kutokwa damu, wala si miguu. Siku za mwisho alibebwa kwa machela, akafa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Susi na Chuma, waliokuwa naye Bambare miguu yake ilipooza, waliongoza msafara uliobeba mwili wake, nao wakafika Bagamoyo Februari 1874.