AL-RAZI: TABIBU ALIYETAKA KUHAKIKISHA

Hebu jiweke katika hali hii. Mama amelazwa hospitali. Anakuja daktari na karatasi mkononi, anawaeleza kwamba kuna utafiti wa tiba na wanatafuta wagonjwa wa kushiriki. Moyo unakupasuka. Wazo la kwanza ni kwamba mama anataka kufanywa panya wa majaribio. Je, atie sahihi, au mfunge virago mrudi nyumbani?

Kabla hujajibu, nikusimulie habari za mtu aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kisa chake kinahusu karatasi hiyo hiyo.

Jina lake ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi. Alizaliwa mwaka wa 865 hivi, katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, nchini Iran. Al-Razi maana yake ni mtu wa Rayy, kama vile mtu wa Lamu anavyoitwa Mwamu. Usidhani alianza utabibu angali mdogo. Wasimulizi wanasema ujana wake aliupitisha katika muziki na katika kazi ya kuchanganya madini na dawa, na utabibu aliusoma akiwa mtu mzima. Kwa hivyo wewe kijana unayedhani umechelewa, bado hujachelewa.

Alipanda hadi akawa mkuu wa hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad, mji mkuu wa dola ya Abbasiya. Ibn al-Nadim, mwandishi wa Baghdad wa karne ya 10, ametuachia picha yake akiwa kazini. Al-Razi alikaa, wanafunzi wake mbele yake, na mbele ya hao wanafunzi wengine tena. Mgonjwa akija alianza kwa wale wa mwisho. Wakishindwa, alipelekwa kwa waliofuata. Wote wakishindwa, ndipo shekhe mwenyewe alipozungumza. Anasimuliwa pia kuwa mkarimu, mpole kwa wagonjwa na mwenye kuwasaidia maskini. Aliandika hata kitabu cha tiba kwa ajili ya wale wasio na daktari karibu.

Aliandika vitabu vingi mno. Kimoja kilieleza tofauti kati ya ndui na surua, magonjwa ambayo watu waliyachanganya. Kingine kilimkosoa Jalinusi, tabibu mkubwa wa Kiyunani ambaye maneno yake yalichukuliwa kama sheria. Al-Razi alimheshimu sana, lakini alipoona wodini mambo yasiyolingana na kitabu, aliandika alichokiona. Inasimuliwa pia kwamba alitaka kujua zebaki inafanya nini mwilini, akamjaribu nyani kwanza.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Zama hizo matabibu wengi walitibu kwa kukata mshipa na kumwaga damu. Al-Razi aliwaona wagonjwa wenye maumivu ya kichwa na shingo kwa siku kadhaa, wanaokimbia mwanga, wasiopata usingizi, waliochoka kabisa. Alijua hizo ni dalili za kuelekea kwenye ugonjwa wa utando wa ubongo, ambao sisi twauita homa ya uti wa mgongo. Je, kutoa damu kunawasaidia kweli? Wengine wangefungua kitabu tu. Yeye kundi moja alilitoa damu, na kundi jingine aliliacha makusudi bila kulitoa, ili alinganishe. Habari hii imo katika al-Hawi, kitabu kikubwa kilichokusanywa na wanafunzi wake kutokana na maandishi aliyoyaacha. Mwaka wa 1279 kilifasiriwa kwa Kilatini, kikasomwa Ulaya kwa karne nyingi.

Umeona hapo? Makundi mawili, tiba moja, halafu kulinganisha. Huo ndio msingi wa utafiti wa tiba hadi leo.

Lakini tuwe wakweli, ndugu yangu. Al-Razi aliona kwamba waliotolewa damu ndio waliopona. Leo twajua kutoa damu hakutibu ugonjwa huo. Kumbe hata mtu hodari vile aliweza kukosea! Sababu moja inayowezekana ni kwamba tabibu akichagua mwenyewe nani awe kundi gani, anaweza kuwaweka wenye nafuu upande mmoja bila kujua. Ndiyo maana siku hizi mgonjwa hupangiwa kundi kwa kura, wala si kwa hiari ya daktari. Na kuna jambo la pili. Maandishi hayo hayasemi kama wale wagonjwa waliulizwa.

Usione kwamba kukosea ni mambo ya kale tu. Mwaka wa 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri mwilini. Desturi ilikuwa kuwamiminia maji ya dripu kwa haraka. Baada ya saa 48, waliomiminiwa walikuwa wamekufa kama 10 au 11 katika kila 100, na wasiomiminiwa 7. Tiba iliyoaminiwa ilikuwa inadhuru, na bila kulinganisha tusingejua. (Watoto wa kuharisha hawakuwamo katika utafiti huo, kwa hivyo usimkatalie mtoto anayeharisha maji.)

Na hofu ya wazee wetu ina sababu. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kuelezwa ukweli, na wakanyimwa dawa hata baada ya penisilini kupatikana. Maovu kama hayo, na yale ya madaktari wa Ujerumani wakati wa vita vya pili, ndiyo yaliyoleta sheria za kumlinda mgonjwa.

Basi turudi kwa mama. Kwanza, akiwa na fahamu zake, ridhaa ni yake mwenyewe, si yako wala ya baba. Aelezwe kwa lugha anayoielewa. Mwulizeni daktari: Mnatafuta kujua nini? Tiba ya kawaida ni ipi? Je, kuna kundi litakalopewa kidonge kisicho na dawa? Madhara yake ni yapi, na akidhurika nani atamtibu? Kamati ya maadili imeupitisha utafiti huu? Kama ana nia ya kufunga, aseme, maana saa za dawa zinaweza kugongana na saumu. Akikataa, tiba yake ya kawaida haipaswi kukatwa. Akikubali, anaweza kujitoa siku yoyote. Daktari akikasirikia maswali hayo, hiyo peke yake ni sababu ya kukataa.

Wala asitie sahihi akidhani lazima atapona. Huenda akafaidika, huenda faida ikawaendea wagonjwa wa kesho.

Al-Razi alifariki mji wa Rayy, yapata mwaka wa 925, macho yake yakiwa yamepofuka. Jina lake tunalo. Wale waliolala pande mbili za wodi yake, majina yao hatuyajui, wala hatujui kama waliulizwa. Mama yako ana jina na ana haki ya kuulizwa. Keti naye, msome karatasi ile mstari kwa mstari, kisha mwache aamue.