Carl Becker, munganga wa Oicha

Anayetoka Beni kwenda Eringeti hupita Oicha, kilomita 30 hivi kaskazini mwa mji. Siku hizi jina hilo tunalisikia katika habari za mauaji. Mimi nalitaja kwa sababu nyingine: hapo ndipo Daktari Carl Becker alipopambana na ukoma kwa miaka 30.

Becker alizaliwa mwaka 1894 huko Manheim, Pennsylvania, Marekani. Alisomea udaktari Philadelphia, akafanya kazi katika mji mdogo wa Boyertown na kupata kipato kizuri. Mwaka 1929 aliyaacha hayo, akaja Kongo na familia yake kupitia Africa Inland Mission, kwa posho ya dola 60 kwa mwezi. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Katwa, jirani na Butembo, katika nyumba ya udongo. Mwaka 1934 alihamia Oicha, ndani ya msitu wa Ituri, kuwahudumia Wambuti na majirani zao.

Alipasua, alizalisha, alitibu kifua kikuu na hata wagonjwa wa akili. Lakini kazi iliyomtambulisha ni ya ukoma. Zamani hizo mwenye ukoma alifichwa au kufukuzwa, na dawa zilizokuwapo hazikusaidia sana. Becker alijenga kijiji cha wagonjwa kwenye ardhi ya ekari zaidi ya 1,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilikuwa na wakaaji wapatao 4,000, na dawa mpya za salfoni zilikuwa zimeanza kuleta matumaini. Kila mgonjwa aliandikiwa kumbukumbu. Robert Cochrane, bingwa wa ukoma kutoka Uingereza, alifika Oicha na kuvutiwa na kumbukumbu hizo.

Mwaka 1964, waasi wa Simba walipokaribia, Becker alikimbilia Afrika Mashariki. Alikuwa na miaka 70, umri ambao wengi hustaafu. Yeye alirudi, akashiriki kuanzisha kituo cha tiba cha Nyankunde, karibu na Bunia, ambako vijana Wakongomani walifunzwa uuguzi. Aliondoka Afrika akiwa amepita miaka 80, akafa mwaka 1990.

Mmisionari huyu alifanya kazi chini ya ukoloni wa Wabelgiji, na hatuna haja ya kumfanya malaika. Hata hivyo, maisha yake yanatuuliza swali gumu. Katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, uliowaua watu zaidi ya 2,200, Katwa ileile iliumia sana, na mwezi wa pili wa 2019 kituo chake cha matibabu kilishambuliwa. Dawa na chanjo zilikuwapo. Imani ya watu ilikosekana. Naona tofauti moja kubwa: Becker alikaa. Timu za Ebola zilikuja na magari, zikaondoka na magari. Kwa watu waliokwisha kuzika ndugu zao vitani bila msaada wowote, haraka hiyo ilitia shaka.

Nyankunde nayo ilishambuliwa mwezi wa tisa 2002. Walionusurika walitembea msituni siku nyingi hadi Oicha, na shule ya wauguzi ikaendelea Beni. Munganga alikuwa amekufa miaka 12 iliyopita, lakini wale waliofunzwa waliendelea kutibu.