Ida Tarbell: Mwanamama aliyeubana ukiritimba wa mafuta kwa nyaraka

MFANYABIASHARA mdogo anaweza kuwa na bidhaa nzuri, akafanya kazi usiku na mchana, na bado akafilisika kwa sababu mwenzake mkubwa anasafirisha mzigo kwa nauli nafuu iliyopangwa kwa siri. Hayo yaliwakuta wachimbaji na wasafishaji wadogo wa mafuta katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, na mwandishi aliyeyaanika hadharani ni Ida Tarbell.

Ida alizaliwa jimboni humo Novemba 5, 1857. Alikuwa hajatimiza miaka miwili pale mafuta yalipopatikana katika kisima maarufu cha Titusville, mwaka 1859. Baba yake, Franklin, aliyejua useremala, hakuiacha nafasi hiyo. Alianza kutengeneza matangi ya mbao ya kuhifadhia mafuta ghafi, na familia ikainuka.

Mwaka 1872 mambo yaliharibika. Kampuni za reli zilifunga mkataba wa siri na kundi la wasafishaji wakubwa, akiwamo John D. Rockefeller wa Standard Oil. Wanakundi wangerudishiwa sehemu ya nauli ya kila pipa walilosafirisha. Zaidi ya hapo, wangelipwa fedha kwa kila pipa la washindani wao. Yaani mshindani angepakia mzigo wake, huku akimtajirisha anayetaka kumwua kibiashara.

Siri ilipovuja, wachimbaji waligoma kuwauzia mafuta, na mzee Tarbell alikuwa miongoni mwao. Mpango ukafutwa mwaka huo huo. Hata hivyo, katika miezi hiyo michache Rockefeller alikwisha kununua viwanda vya washindani wake wengi mjini Cleveland. Baadaye kampuni yake ilifikia kudhibiti takriban asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta nchini humo.

Ida alihitimu chuo cha Allegheny mwaka 1880, akiwa mwanamke pekee darasani kwake. Alifundisha shule, akafanya kazi katika jarida, kisha mwaka 1891 akaenda Paris kuandika. Huko ndiko alikoonwa na S. S. McClure, mwenye jarida la McClure's, lililoanzishwa mwaka 1893 na kuuzwa kwa bei ambayo watu wa kawaida waliimudu. Makala zake kuhusu Napoleon na Lincoln ziliongeza sana wasomaji.

Alipoamua kuichunguza Standard Oil, baba yake alimwonya kwamba jarida lingeangamizwa. Hakurudi nyuma. Alipekua kumbukumbu za mahakama na za kamati za Bunge, akawahoji wachimbaji wa zamani, na kwa muda mrefu akakutana na Henry Rogers, mmoja wa vigogo wa kampuni hiyo. Makala 19 zilitoka kuanzia Novemba 1902 hadi 1904, kisha zikawa kitabu.

Si wote waliofurahia uandishi wa aina hiyo. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliwafananisha waandishi wachunguzi na mtu mwenye reki asiyeinua macho kutoka kwenye uchafu. Lakini mwaka huo huo sheria ya Hepburn iliipa serikali uwezo wa kuweka kikomo cha nauli za reli. Mei 15, 1911, Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru Standard Oil ivunjwe, zikazaliwa kampuni 34. Rockefeller hakufilisika, thamani ya hisa zake ilipanda na akazidi kutajirika.

Ida, aliyekuwa na shamba lake huko Connecticut, alifariki dunia Januari 6, 1944, akiwa na umri wa miaka 86. Hakuwahi kudai kwamba kuwa mkubwa au tajiri ni kosa. Alichopinga ni ushindani usio wa haki. Kwa yeyote anayepeleka mazao au bidhaa sokoni, swali lake bado ni la maana: nani analipa nauli gani, na kwa nini?