Boulanger na gari la mayai

Pierre-Jules Boulanger alikuwa mkubwa wa Citroën, lakini fikra zake zilikuwa kwa mkulima wa Ufaransa aliyekuwa bado anakwenda sokoni kwa mkokoteni wa farasi. Alitaka gari la bei nafuu la kubeba watu wawili na kilo 50 za viazi, lipite shamba lililolimwa na mayai yasivunjike.

Wajerumani walipoikalia nchi, aliamuru magari ya majaribio yafichwe. Kwenye malori aliyolazimishwa kuwaundia, alama ya kijiti cha kupimia oili ilihamishwa, injini zikafa njiani. Hapo mimi namvulia kofia.

Gea nazo zina kisa chake. Alishikilia ziwe tatu tu. Injinia wake, Walter Becchia, akaweka nne, ile ya mwisho akaiandika S, eti ni ya ziada. Bosi akakubali! Mkono wa gea ulitokea kwenye dashibodi, ukivutwa na kusukumwa kama droo.

Gari hilo, 2CV, lilionyeshwa Paris Oktoba 1948. Waandishi walilicheka, wanunuzi wakapanga foleni ya miaka. Boulanger alikufa ajalini Novemba 1950, akiendesha Citroën ya aina nyingine. 2CV liliendelea kuundwa hadi 1990.